Mbiyu Koinange na Siku za Kwanza za Chuo cha Githunguri

Kila mwaka shule zinapofunguliwa huonekana katika miji ya Thika na Ruiru watu ambao si vigumu kuwatambua. Ni walimu wapya. Mkononi wana barua ya kazi, kichwani wana yale waliyofundishwa chuoni, na moyoni wana hofu wasiyoisema. Siku ya kwanza hukabidhiwa darasa wasilolijua. Siku ya pili huambiwa kwamba ziko kazi nyingine ambazo hazikuandikwa katika ile barua. Na kabla ya juma kwisha huwa wamekwisha kufahamu kwamba kusoma ualimu ni jambo moja, na kusimama mbele ya watoto wa watu ni jambo jingine.

Kwa ajili ya hao, na kwa ajili ya wazazi wanaowapelekea watoto wao, tumeona yafaa kueleza maisha ya Bwana Peter Mbiyu Koinange, ambaye tarehe 7 Januari 1939 alifungua chuo cha walimu huko Githunguri, katika vilima vya Kiambu vilivyo upande wa magharibi wa Ruiru. Makusudio yetu si kueleza siasa zake. Siasa zake zina waliozipenda na waliozichukia, na mahali pake si hapa. Twataka kumtazama mwalimu aliyerejea nyumbani na shahada ambazo hakuwa nazo Mwafrika mwingine katika Kenya, akakuta hapana chuo cha kumpokea ila kile atakachokijenga pamoja na watu wake. Namna alivyouanza mwanzo huo ndiyo faida ya habari hii.

Nchi aliyozaliwa

Bwana Mbiyu alizaliwa mwaka 1907 katika Kiambaa, wilaya ya Kiambu. Baba yake alikuwa Koinange wa Mbiyu, ambaye baadaye alifanywa Chifu Mkuu. Mtoto huyu alikua katika miaka ile ile ambayo nchi iliyowazunguka ilikuwa ikibadilika mikononi mwa wengine. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, ikipitia Ruiru, na kando yake kulienea mashamba ya mkonge na ya kahawa ya walowezi. Watu wa Kiambu walibaki katika sehemu waliyotengewa, na mpaka wake uligusana na mashamba hayo. Asubuhi mtu alitoka katika ardhi ya babu yake iliyosalia, akenda kuchuma kahawa katika ardhi ambayo pengine nayo ilikuwa ya babu yake.

Na kahawa yenyewe, Mkikuyu wa Kiambu hakuruhusiwa kuipanda kwa faida yake. Ruhusa hiyo haikuenea mpaka miaka ya 1950. Juu ya hayo, baada ya Vita Kuu ya kwanza kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, kikining'inia shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Katika hali kama hiyo watu walitafuta mlango wa kutokea, na mlango waliouona ulikuwa elimu. Mzee Koinange mwenyewe hakuwa msomi, walakini alikuwa katika wale waliouona mlango huo mapema. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na wenzake wawili, James Mutua na Ezekiel Apindi, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochungulia shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Baadaye alisimama mbele ya tume ya ardhi akidai ardhi ya ukoo wake. Mzee wa namna hii alijua vema thamani ya mtu anayeweza kusoma hati na kuijibu kwa lugha ya waliyoiandika.

Safari ya elimu

Bwana Mbiyu alisoma kwanza katika shule ya misioni. Shule ya Alliance ilipofunguliwa huko Kikuyu mwaka 1926, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo. Hakukaa huko sana. Mwaka 1927 alisafiri kwenda Marekani, jambo lililokuwa adimu mno kwa kijana wa nchi hii. Safari yenyewe ilikuwa ndefu, na kwao hapakuwa na aliyeifanya kabla yake hata aweze kumwuliza.

Chuo cha kwanza alichoingia ni Hampton katika jimbo la Virginia. Yapasa tukieleze kidogo, kwa sababu athari yake itaonekana baadaye. Hampton kilianzishwa mwaka 1868, miaka michache baada ya watumwa wa Marekani kuachwa huru, ili kuwafundisha hao na watoto wao. Mwanafunzi wa hapo alisoma vitabu na pia alifanya kazi kwa mikono: alilima, alijenga, alishona, alipiga useremala, na mara nyingi kazi hiyo ndiyo iliyomlipia masomo. Hapo ndipo alipotoka Booker T. Washington, aliyekwenda kuanzisha chuo cha Tuskegee na kuwafanya wanafunzi wake wafyatue matofali ya majumba yao wenyewe. Kijana wa Kiambaa, basi, alijifunza mapema kwamba shule yaweza kujengwa na wale wale wanaosoma ndani yake.

Kutoka Hampton alikwenda Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan, akapata shahada ya kwanza. Kisha alikwenda New York katika Chuo Kikuu cha Columbia, akapata shahada ya pili katika mambo ya elimu. Katika Waafrika wa Kenya hutajwa kuwa ndiye wa kwanza kufika daraja hiyo. Baada ya hapo alipita Uingereza, akasoma Cambridge na London. Aliporejea Kenya mwaka 1938 alikuwa amekaa ng'ambo zaidi ya miaka kumi. Alitoka kijana wa miaka ishirini, akarudi mtu mzima wa miaka thelathini na moja.

Aliyoyakuta nyumbani

Serikali ya siku zile ilipenda kumtumia mtu huyu, lakini ilipenda kumtumia kwa bei yake. Desturi ilikuwa Mwafrika alipwe mshahara mdogo kuliko Mzungu, ijapokuwa vyeti vyao ni sawa na kazi yao ni moja. Bwana Mbiyu hakukubali. Wako watakaosema kwamba alikuwa mtoto wa chifu, na aliyeshiba huweza kukataa. Kuna kweli katika neno hilo. Lakini aliyekataa mshahara mdogo wa serikali hakwenda kutafuta mkubwa mahali pengine, bali alikwenda mahali ambapo hapakuwa na mshahara wowote wa kuaminika.

Mahali hapo palikuwa shule za wananchi. Mwaka 1929 yalitokea mafarakano makubwa baina ya baadhi ya misioni na Wakikuyu kwa sababu ya mila ya tohara ya wasichana. Misioni ziliwataka waumini na walimu wao waiache mila hiyo kwa ahadi, na wengi walikataa, wakaondoka na watoto wao. Hapana haja ya kurudia hapa hoja za pande mbili. Tutakalo ni matokeo yake. Maelfu ya watoto walijikuta nje ya shule, na wazazi, badala ya kukaa wakilalamika, walijenga shule zao kwa miti na udongo na nyasi. Mwaka 1934 shule hizo zilifanyiwa chama cha kuziongoza, na kando yake kilikuwako chama kingine kilichoitwa Karinga, ambacho hakikutaka kabisa kuwa karibu na serikali.

Shule zilikuwako, watoto walikuwako, na hamu ilikuwako. Kilichokosekana ni walimu. Vyuo vya kufundishia walimu vilikuwa mikononi mwa serikali na misioni, na mtu aliyetoka katika shule za wananchi hakuwa na njia ya kuingia humo. Matokeo yake, aliyemaliza madarasa machache ndiye aliyewafundisha waliokuwa nyuma yake kidogo. Serikali nayo ilipozikagua shule hizo ilipata neno la kusema, kwamba walimu wake hawakufundishwa ualimu. Neno hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilikuwa hatari, kwani mwenye kutaka kuifunga shule hahitaji kisingizio kizuri kuliko hicho.

Hapo ndipo wazee walipomtazama Bwana Mbiyu, naye akawatazama wazee. Yeye alikuwa na elimu isiyo na chuo, na wao walikuwa na shule zisizo na walimu. Wakaafikiana kujenga chuo cha walimu kisichokuwa cha serikali wala cha misioni, na pahali palipochaguliwa ni Githunguri, ambapo palikuwa tayari na shule ya wananchi.

Siku za kwanza

Ndugu msomaji, fikiri mtu aliyezoea maktaba za Columbia na kumbi za Cambridge amesimama juu ya kilima cha udongo mwekundu mwanzoni mwa Januari, na mbele yake umati wa watu. Chuo kiliitwa cha walimu. Lakini waliofika hawakuwa wale tu walio tayari kusomea ualimu. Habari ilikuwa imeenea kwamba mtoto wa Koinange amerudi na elimu yote ya Wazungu na anafungua shule, na kila mzazi aliyesikia aliona kwamba habari hiyo yamhusu yeye na mwanawe. Basi walikuja wakubwa na wadogo. Walikuja wanaojua kusoma na wasiojua herufi. Walikuja wavulana, na walikuja wasichana.

Hapa mwalimu mpya alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwarudisha wote wasiofaa kuwa wanafunzi wa ualimu, na kubaki na wachache walio tayari. Njia hiyo ndiyo nyepesi, na kwa mujibu wa vitabu ndiyo sahihi. Ya pili ilikuwa kulibadilisha shauri lenyewe ili lilingane na watu waliofika. Bwana Mbiyu alishika njia ya pili. Githunguri kikawa na madarasa ya wanaoanza, na ya juu kidogo, na ya sekondari, na ya ualimu, yote mahali pamoja. Mtu mwenye shahada mbili akawa mkuu wa shule ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya watoto wanaojifunza kuandika majina yao. Wazee wetu wamesema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huku ndiko kuinama.

Wala hakukuwa kuinama kwa bure. Chuo cha ualimu chahitaji watoto wa kufundishwa, ili mwanafunzi wa ualimu apate pahali pa kujaribia kazi yake mbele ya macho ya mkubwa wake. Madarasa yale ya chini, ambayo yalionekana kuwa mzigo, yaliweza kuwa uwanja wa mazoezi. Jambo hili yafaa kila mwalimu mpya alishike: lile linaloonekana siku ya kwanza kuwa kizuizi cha kazi, mara nyingi ndiyo kazi yenyewe.

Taabu ya pili ilikuwa fedha. Serikali haikutoa, na misioni haikutoa. Ada ya wanafunzi haikutosha. Katika jambo hili wazee ndio waliomfundisha mwalimu. Wakikuyu tangu zamani wana desturi ya marika, yaani wale waliotahiriwa wakati mmoja huhesabiwa kuwa ndugu wa rika moja, na kila rika lina jina lake na heshima yake. Basi michango ilikusanywa kwa marika. Rika moja likitoa kiasi fulani, lililo chini yake halikukubali kuaibika, na lililo juu yake halikukubali kupitwa na watoto. Mashindano ambayo zamani yalikuwa ya ngoma na ya ushujaa yaligeuzwa kuwa ya kujenga shule. Hapana mtu ambaye angaliweza kuyatoa hayo katika kitabu cha Columbia. Yalikuwako nyumbani, yakingoja mtu mwenye akili ya kuyatumia.

Na akina mama hawakubaki nyuma. Walikusanya fedha zao wenyewe kwa ajili ya kujenga bweni la wasichana. Tuyapime mambo haya kwa siku zile. Mwanamke wa Kiambu aliyebeba kuni na maji kwa mgongo wake, aliyekwenda katika mashamba ya kahawa kufanya kibarua cha senti chache, alitoa katika senti hizo ili binti yake, au binti wa mwenziwe, apate kitanda karibu na darasa. Hakusubiri mwanamume akumbuke. Shule ambayo mama amelala na njaa kwa ajili yake haiwi shule ya mwalimu peke yake.

Taabu ya tatu ilikuwa lugha na mafundisho yenyewe. Utaratibu wa serikali ulitaka mtoto Mwafrika asome miaka ya mwanzo kwa lugha ya kwao, na Kiingereza kije nyuma. Watu wa shule za wananchi walikitaka Kiingereza mapema, si kwa kuidharau lugha yao, bali kwa sababu waliona kwamba sheria, hati za ardhi na hukumu za korti zimeandikwa kwa lugha hiyo, na asiyeijua atasomewa tu. Mwalimu aliyekuwa Githunguri alikuwa baina ya mkaguzi anayetaka utaratibu na mzazi anayetaka silaha. Kupendeza pande zote mbili hakukuwezekana. Ilibidi awe na subira, na awe na dhamiri.

Hatusemi kwamba chuo kile kilikuwa kikamilifu. Fedha zilipungua mara kwa mara, majengo yalikwenda polepole, wanafunzi walizidi nafasi, na walimu hawakuwa na uhakika wa malipo yao. Vita Kuu ya pili ilianza mwaka ule ule wa 1939, na mwaka 1940 serikali ilikipiga marufuku chama cha siasa cha Wakikuyu, hata kila mkutano wa watu wengi ukatazamwa kwa jicho la shaka. Ajabu ni kwamba chuo kilidumu.

Wakati huo huo katika pwani

Ni vizuri tukumbuke kwamba katika miaka hiyo hiyo, huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1937 mpaka kufa kwake mwaka 1947, alikuwa amekwisha kuandika mengi katika Sahifa na Al-Islah, akiwahimiza Waislamu wajenge madrasa zao, wasomeshe wavulana na wasichana, na wala wasitenge elimu ya dini na elimu ya dunia kana kwamba moja ni adui wa nyingine. Hatusemi kwamba watu hawa wawili walishirikiana. Dini zao ni mbalimbali na watu wao ni mbalimbali. Lakini ugonjwa waliouona ulikuwa mmoja, nao ni watu kungoja shule kutoka kwa mtu mwingine, na dawa waliyoitaja ilikuwa moja. Twalitaja jambo hili ili asije msomaji wetu akadhani kwamba habari ya Githunguri ni ya kabila moja tu na haimhusu.

Mwalimu wa pili

Mwezi wa Septemba mwaka 1946 Jomo Kenyatta alirudi Kenya baada ya kukaa Ulaya miaka mingi. Sehemu hizi hazikuwa ngeni kwake. Katika ujana wake, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, alipata kufanya kazi kwa muda katika shamba la mkonge la Thika, na makazi yake mapya yalikuwa Gatundu, katika vilima vilivyo juu ya Thika. Aliingia Githunguri kufundisha, na mwaka 1947 Bwana Mbiyu alipokwenda tena Uingereza, Kenyatta akashika ukuu wa chuo.

Hapa pana funzo jingine. Mwanzilishi wa kitu aghalabu hushindwa kukitoa mkononi, na wengi wamekiua walichokizaa kwa kukikumbatia mno. Githunguri kilipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine na milango yake ikabaki wazi, kwa kuwa tangu siku za kwanza hakikuwa mali ya mtu mmoja. Kilikuwa cha marika, na cha akina mama, na cha shule zile ndogo za udongo zilizokingoja kiziletee walimu.

Kufungwa kwa chuo

Mwezi wa Novemba 1951 Bwana Mbiyu pamoja na Achieng Oneko walitumwa London na chama cha KAU kupeleka malalamiko ya ardhi. Alikuwa angali huko tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ilipotangaza hali ya hatari katika Kenya. Baba yake, mzee wa miaka mingi, alikamatwa, akashitakiwa kwa kuuawa kwa Chifu Waruhiu, na korti ikamwona hana hatia. Hata hivyo hakuachwa huru, akawekwa kizuizini miaka mingi. Alifariki mwaka 1960.

Na chuo? Serikali ilizifunga shule nyingi za wananchi, na Githunguri kikafungwa pamoja nazo. Haikutosha kufungwa. Pahali pale palifanywa kituo cha serikali, na palisimamishwa kitanzi ambacho watu wengi walinyongwa kwacho katika miaka ya vita vya Mau Mau. Kilima ambacho mwaka 1939 watoto walikipanda wakiwa na mbao za kuandikia, watu wazima walikipanda wakiwa na pingu. Nasi twaona kwamba hapana ushahidi mkubwa zaidi wa nguvu ya chuo kile kuliko woga wa wale waliokifunga. Majengo yalichukuliwa, lakini herufi zilizokwisha kuingia vichwani hazikuwezekana kutwaliwa tena.

Bwana Mbiyu hakuweza kurudi. Alibaki Uingereza, na mwaka 1955 kilichapishwa huko Detroit, Marekani, kitabu chake juu ya habari za watu wa Kenya, na shule zao zina nafasi kubwa ndani yake. Baadaye alikwenda Ghana kufanya kazi katika ofisi ya mambo ya Afrika huko Accra. Mwezi wa Januari 1960, wajumbe Waafrika wa Kenya walipokwenda London katika mkutano wa Lancaster House, walimtaka awe mshauri wao. Serikali ya Uingereza ilisita kumruhusu, nao wakakataa kuingia mkutanoni mpaka jambo hilo lilipotatuliwa. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 alikuwa waziri, na kwa muda katika miaka ya 1960 alishika wizara ya elimu. Kisha alikuwa Waziri wa Nchi karibu na Rais Kenyatta mpaka kifo cha Rais mwaka 1978. Katika uchaguzi wa mwaka 1979 alikosa kiti chake cha Kiambaa, na mwaka 1981 alifariki.

Alipata mamlaka makubwa na mali nyingi, na watu wana maneno yao juu ya miaka hiyo. Sisi twasema tu kwamba mtu huhesabiwa kwa yote aliyoyafanya, na katika yote hayo Githunguri ni katika mambo ambayo hata wapinzani wake hawakuweza kumnyima.

Mazingatio

Leo yule anayeshuka kutoka Githunguri kwenda Ruiru hakuti tena mashamba ya kahawa peke yake. Huona majumba yaliyosimama mahali pa mibuni, na Thika huona viwanda. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Watu hao wana watoto, na watoto hao wako darasani mbele ya mwalimu mmoja. Mwezi wa Januari 2003 ada ya shule za msingi za serikali ilipoondolewa, watoto zaidi ya milioni moja waliingia shuleni katika Kenya nzima, na walimu wengi walijikuta katika hali ile ile ya Januari 1939, yaani umati mlangoni, wakubwa na wadogo pamoja, na madawati yasiyotosha. Taabu ya siku za kwanza, basi, si jambo lililopita.

Kwa mwalimu mpya tuna maneno matatu. La kwanza, asianze kwa kuwahesabu wanafunzi asiowataka. Aliyefika amefika, na kazi yaanza hapo alipo mtoto, wala si pale ambapo kitabu chasema angepaswa kuwapo. La pili, asione aibu kufundisha jambo dogo kwa sababu ana cheti kikubwa, kwani cheti ni deni, na deni hilo hulipwa kwa wale wasiojua. La tatu, awajue wazazi kabla hajahitaji msaada wao. Atakayewaita siku ya mchango tu, watamjia siku ya mchango tu, au wasimjie kabisa.

Na kwa wazazi tuna neno moja. Mwalimu mpya katika siku zake za kwanza ni mgeni, ijapokuwa amezaliwa mtaa wa pili. Wazee wa Kiambu hawakumwachia Bwana Mbiyu kilima kitupu, kisha wakaketi kumtazama kama ataweza. Walipanda naye, na marika yao, na senti za wake zao. Sisi ambao shule zetu zina kuta na mabati, na walimu wetu wana vyeti vya serikali, ni mara ngapi tumekwenda kumwuliza mwalimu jina lake kabla ya mtoto kuleta matokeo mabaya?

Mwenyezi Mungu awape walimu wetu subira ya siku za kwanza na uaminifu wa siku zinazofuata, na atupe sisi haya ya kutowaacha peke yao.